Picha ya Kuagana

Walimu wenzangu huandika katika kurasa hizi habari za kilimo, za watoto wa shule, na za desturi za wazee wetu, nasi twafaidika. Mimi leo naomba ruhusa niandike habari ya picha moja, na pamoja nayo habari ya nyumba yetu. Maana sikuweza kuitazama ile bila kuiona hii.

Picha hiyo naliiona katika kitabu kikubwa cha picha za Ulaya nilichoazima ili niwaonyeshe wanafunzi wangu mavazi na majumba ya watu wa kale. Usiku, kabla ya kuwaonyesha, nalikaa na taa yangu nikifungua ukurasa baada ya ukurasa, hata nikafika mahali nikashindwa kufungua tena. Palikuwa na mzee aliyevaa mavazi ya utawala, na mbele yake mwanamume mzima anamsihi kwa uchungu mwingi, na wanawake wanalia. Nikasoma maneno yaliyo chini, nikajua ya kuwa yule mzee ni baba na yule anayemsihi ni mwanawe, nao wanaagana wala hawataonana tena. Aliyeichora ni Francesco Hayez, Mwitalia.

Basi nalitafuta habari zao, na sasa nawapa kwa ufupi.

Zamani mji wa Venezia katika Italia ulikuwa dola yenye nguvu. Umejengwa juu ya visiwa vidogo, na njia zake nyingi ni maji, na merikebu zake zilikwenda mbali kufanya biashara. Haukuwa na mfalme. Mkuu wake aliitwa Doge, naye alichaguliwa na wakubwa wa mji, akatawala mpaka kufa. Lakini msidhani ya kuwa alifanya apendavyo. Watu wa Venezia waliogopa sana mtu mmoja asije akajifanya mfalme, kwa hiyo walimfunga Doge kwa sheria nyingi. Palikuwa na Baraza la Watu Kumi, ambalo liliangalia salama ya dola, na hukumu yake hata Doge mwenyewe hakuweza kuifuta.

Mwaka 1423 alichaguliwa Francesco Foscari kuwa Doge, akatawala miaka 34. Hakuna Doge mwingine aliyetawala muda mrefu kama yeye. Katika wanawe wa kiume alibaki mmoja tu aliye hai, jina lake Jacopo. Huyu Jacopo alikuwa kijana mwenye elimu na mwenye kupenda anasa. Mwaka 1445 alishitakiwa ya kuwa amepokea zawadi na rushwa, jambo lililokatazwa kabisa kwa watu wa nyumba ya Doge. Akahukumiwa kuhamishwa. Mwaka 1447 baba yake alimwombea, naye akasamehewa akarudi kwao.

Lakini taabu haikumwacha. Mwaka 1450 mtu mmoja aliyekuwa wa lile Baraza, jina lake Ermolao Donato, aliuawa, na mwaka uliofuata Jacopo akashitakiwa kwa mauaji hayo. Wakamtesa ili akiri, naye hakukiri. Walakini wakamhamisha aende kisiwa cha Krete, kile kile tunachokisoma katika waraka wa Paulo kwa Tito. Huko alikaa miaka akililia kwao. Hata mwaka 1456 akashitakiwa mara ya tatu, ya kuwa ameandika barua kwa watawala wa kigeni ili wamsaidie kurudi, na mmoja wao ni Sultani wa Waturuki, yule aliyeuteka mji wa Constantinople mwaka 1453. Akaletwa Venezia, akateswa tena, akahukumiwa kurudi Krete na kufungwa gerezani.

Kabla hajapakiwa merikebuni aliruhusiwa kuwaona watu wa nyumba yake. Ndiyo saa ile ya picha. Inasimuliwa ya kuwa mwana alimsihi baba amwombee abaki nyumbani kwake; na baba, mzee wa miaka themanini na zaidi, alimjibu ya kuwa yampasa aende, aitii amri ya mji, asitafute neno zaidi ya hilo. Mwana akatolewa. Na alipokwisha kutoka, yule mzee aliyesimama imara mbele yake alianguka akalia kwa sauti.

Mwezi wa Januari mwaka 1457 Jacopo alikufa huko Krete. Baba yake tangu hapo hakuwa na nguvu ya kazi tena. Na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo lile Baraza likamlazimisha kuacha cheo chake. Siku chache baadaye, tarehe 1 Novemba, akafa.

Habari hiyo haikusahauliwa. Mwaka 1821 Byron, mtunga mashairi wa Uingereza, alitunga mchezo juu yake. Mwaka 1844 Verdi wa Italia akautia katika muziki. Na mwaka 1855 Delacroix, mchoraji wa Ufaransa, akaichora naye kwa namna yake. Lakini Hayez hakutosheka na kuichora mara moja. Aliichora karibu na mwaka 1840, tena kati ya mwaka 1852 na 1854, na katikati ya hizo akachora picha ya Doge mzee akivuliwa cheo chake. Mtu harudii jambo namna hiyo ila lina kitu kwake. Hayez mwenyewe alizaliwa Venezia mwaka 1791, nyumbani mwa watu maskini, na tangu utoto alitolewa kwao akalelewa na dada wa mama yake. Alipokuwa na umri wa miaka sita, dola ya Venezia, iliyokuwa imedumu karne nyingi, ilikomeshwa. Na siku alizokuwa akichora picha hizo, Venezia na Milan zilikuwa chini ya mfalme wa Austria, na Waitalia wengi walikuwa wamehamishwa au wamekimbia kwao. Kwa hiyo waliokuja kuitazama picha hawakuona mambo ya kale tu. Wengine waliona mlango wa nyumba yao wenyewe.

Na mimi naliona mlango wa nyumba yetu.

Baba yetu alikufa nilipokuwa katika chuo cha ualimu, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka minne. Nalipopata kazi nalimchukua mama na mtoto wakae nami. Yule mtoto nalimlea mimi. Nalimfundisha kuandika jina lake juu ya mchanga kwa kidole kabla hajapata kalamu. Alipoanza shule nikamwonya, nikasema, "Nyumbani mimi ni kaka yako, shuleni mimi ni Mwalimu. Usichanganye." Naye hakuchanganya. Njiani alinishika mkono, na tulipofika kwenye uwanja wa shule aliuachilia mwenyewe, asingoje kuambiwa.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, wazazi walichanga fedha za kununua mabati ya darasa jipya. Wengine waliuza kuku, na wengine mahindi waliyoyaweka kwa njaa. Sanduku la fedha lilikaa nyumbani mwangu. Siku tulipolifungua ili tupeleke fedha mjini, tuliona ya kuwa zimepungua, karibu robo yake. Sikuwa na haja ya kutafuta sana. Jioni ile ile mdogo wangu alikiri. Alikuwa amecheza kamari na vijana wa barabarani, akashindwa, akachukua kidogo ili arudishe alichopoteza, akashindwa tena, akachukua zaidi. Mwenye kucheza kamari ni kama mwenye kuteka maji kwa pakacha.

Nalizilipa fedha hizo kwa mshahara wangu, na mabati yakanunuliwa. Lakini neno halikuisha. Mwaka uliotangulia mtoto wa mjane mmoja aliiba katika shamba la shule, nami nalimfukuza, nikasema mbele ya watu wote ya kuwa mwizi hana mahali katika shule hii. Sasa wazee wa halmashauri walikutana chini ya mwembe, na watu wengi wakaja kusikiliza. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, huyu ni mdogo wako, na fedha umezilipa. Sisi twakuachia wewe." Nikainua macho, nikamwona yule mjane amesimama nyuma ya watu. Hakusema neno. Alinitazama tu.

Wasomaji, mpaka leo naamini ya kuwa hukumu niliyoitoa ilikuwa ya haki. Kama ningalimwacha mdogo wangu, ningaliwaambia watoto wote ya kuwa sheria ni kwa ajili ya wasio na ndugu. Twajua habari ya Eli, ambaye hakuwazuia wanawe, na hasara iliyoipata nyumba yake na watu wake. Nikasema, "Huyu ameondolewa shuleni." Mdogo wangu akasema, "Kaka!" Nami nikamjibu mbele ya watu, "Hapa mimi ni Mwalimu."

Aliamua kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Alfajiri ya siku ya safari mama alimfungia mihogo ya kuchemsha katika kitambaa, akamsindikiza mpaka mlangoni, akilia bila sauti. Mimi nalikuwa nimeketi mezani nikisahihisha madaftari. Sikuwa na haja ya kuyasahihisha saa ile. Naliyachukua ili mikono yangu iwe na kazi. Akaja akasimama mbele yangu. Nadhani alingoja. Nikamwambia, "Nenda, ukatii wakubwa wako huko, usiibe tena." Akasema, "Kwaheri, Mwalimu." Akaenda. Hata alipokwisha kupita migomba nikasikia mama akiniambia, "Mwanangu, hata mkono hukumpa?" Nami nikaona madaftari yamelowa, maana machozi yalikuwa yakinitoka.

Kwa miaka mitatu hatukupata barua yake. Wasafiri walituambia ya kuwa yu hai. Mama alipouliza habari zake aliwauliza wengine, si mimi.

Sasa mnafahamu kwa nini nalishindwa kufungua ukurasa. Nalipoisoma habari ya yule Doge, kwanza nalijifariji. Nalisema moyoni, "Tazama, hata mkuu wa dola alifanya kama mimi. Aliiweka sheria mbele ya damu yake, na watu wanamkumbuka hata leo." Kwa muda nalikaa na faraja hiyo. Lakini kila nilipoitazama picha tena faraja ilipungua. Maana mchoraji hakuchora sheria. Alichora watu wanaoagana. Wakuu waliotoa hukumu hawakumshika moyo mtazamaji. Aliyemshika ni yule mzee, kwa kuwa katika mavazi yake yote ya fahari hana mahali pa kuuficha uso wake.

Ndipo nikauliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza. Sheria ilitaka nini kwangu? Ilitaka mdogo wangu atoke shuleni. Hilo nalilifanya, na halikuwa na njia nyingine. Lakini je, sheria ilitaka niketi mezani alfajiri ile? Ilinikataza kusimama? Ilinikataza kumsindikiza mpaka barabarani, na kumshika mkono kama zamani? Hata kidogo. Sheria ilikwisha kazi yake chini ya mwembe. Yaliyofuata nyumbani yalikuwa yangu mwenyewe. Naliogopa ya kuwa nikimkumbatia, watu watasema nimejuta. Tena naliogopa ya kuwa nikimshika sitaweza kumwachilia. Basi naliuvaa ule Ualimu kama ngao, na ngao ile ilimpiga yeye.

Yule Doge alilia mwana alipokwisha kutoka. Na mimi nalilia mdogo wangu alipokwisha kupita migomba. Machozi yetu yalikuwa ya kweli, lakini yalichelewa, na aliyehitaji kuyaona hakuyaona. Mfalme Daudi naye alimlilia Absalomu kwa uchungu mkuu, lakini Absalomu alikuwa amekwisha kufa. Jacopo alikwenda Krete, akafa huko. Labda alikufa akidhani ya kuwa baba yake ni jiwe. Nikajiambia, "Krete ya mdogo wangu si mbali. Ni safari ya siku moja kwa motokaa."

Likizo ilipofika nalikwenda. Mama hakuuliza naenda wapi. Alifunga mihogo katika kitambaa, akanipa.

Nalimkuta jioni, mbele ya nyumba za wafanya kazi, anaosha panga lake. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba ya mkonge, na mabega yamepanuka, nusura nisimjue. Aliponiona alisimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika. Tukaketi juu ya gogo, nikampa mihogo ya mama. Akaila yote polepole, bila kusema, nami sikumharakisha.

Nalikuwa nimetengeneza maneno mengi njiani, kama mtu anayekwenda kuhutubu. Yote yalinipotea. Nikamwambia hivi tu: "Hukumu ile siiombei radhi. Lakini siku ile ulipokuja mezani kuniaga, sikusimama. Hilo naliomba radhi." Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Nalijua ya kuwa nitaadhibiwa, wala sikukasirika kwa adhabu. Lakini ulinitazama kama mtoto wa mtu usiyemjua. Usiku wa kwanza hapa nalifikiri, labda tangu mwanzo sikuwa wako."

Sikuwa na jibu. Nikamshika mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu kama ubao, lakini hakuuondoa.

Asubuhi nalimwuliza kama atarudi nyumbani. Akasema ya kuwa kazi yake ni nzuri, na ya kuwa anaweka akiba kidogo kidogo ili anirudishie fedha za mabati. Akiisha kuzitimiza atakuja. Nalitaka kumwambia aziache, nikajizuia. Maana naliona ya kuwa kuzilipa ni heshima yake, nami nimekwisha kumnyang'anya kitu kimoja. Akanisindikiza mpaka penye motokaa. Akasema, "Kwaheri, Mwalimu. Msalimu mama." Hakuniita kaka. Sikumlazimisha. Jina hilo nalilikataa mimi mbele ya watu. Likirudi, na lirudi kwa miguu yake lenyewe.

Tangu siku ile huniletea barua, fupi fupi, na mama husomewa mara mbili. Mimi nikimjibu naandika mwisho wa barua "Ndimi kaka yako," wala sitii neno la Ualimu.

Picha naliwaonyesha wanafunzi wangu, kama nilivyokusudia. Nalidhani watauliza habari za mavazi. Lakini mtoto mmoja wa kike aliuliza, "Mwalimu, kwa nini yule baba hamsindikizi mwanawe mpaka merikebuni?" Nikamwambia, "Ni swali jema," nami sikuweza kuendelea na somo mpaka nilipokwisha kufuta ubao.

Basi, wasomaji wapendwa, na hasa ninyi mliopewa kazi ya kuamua mambo ya watu, wazee wa kijiji, walimu, na wazazi, sisemi mlegeze sheria. Sheria inayolegea kwa ndugu yako humwonea jirani yako. Na yule mjane aliyesimama nyuma ya watu yuko katika kila kijiji, anatazama. Toeni hukumu ya haki. Lakini mkiisha kuitoa, inukeni mezani. Mtu akitoka nyumbani mwako, hata akitoka kwa kosa lake mwenyewe, msindikize mpaka njia panda, umpe mkono, umwite kwa jina ulilomwita alipokuwa mtoto. Hilo haliondoi neno lo lote katika hukumu. Tena hamjui, katika kuagana kwenu, kama hamtaonana tena.